Viti vya boti vilivyochakaa: pesa ziende wapi, na wapi uzibane

Swali: Assalamu alaykum, fundi. Nina boti ya vioo ya kuwapeleka wageni kutazama matumbawe upande wa Bamburi. Viti vinne vya abiria, kila kimoja urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 45 na sponji ya sentimita 10, vimefumuka mishono, vinanuka, na mtu akikaa maji yanachuruzika. Fundi wa viti vya matatu amenipigia hesabu ya kubadilisha kila kitu, na hesabu hiyo imenishinda. Je, naweza kuvirudisha katika hali nzuri kwa gharama ndogo? Reksini ya kawaida itafaa? Na mke wangu ana cherehani nyumbani. Aweza kushona mwenyewe?

Jibu: Waalaikum salaam, nahodha. Ndiyo, vinaweza kurudi, na sehemu kubwa ya hesabu uliyopigiwa huenda usiihitaji. Ila hakuna anayeweza kukuambia ni sehemu ipi mpaka kiti kimoja kifumuliwe. Kwa hiyo usinunue hata mita moja ya reksini kwa sasa. Chagua kiti kilicho kibaya kuliko vyote, kigeuze juu chini, ung'oe pini zote (zile za bunduki ya fundi sofa, zinazoishikilia kava kwenye ubao) kwa bisibisi bapa na koleo, kisha ukitenganishe vipande vitatu: kava, sponji na ubao wa kitako.

Fundi wako simlaumu. Kiti cha matatu huchakaa kuanzia juu kwa kusuguliwa na abiria, na anayekitengeneza ana haki ya kuanza na kava. Kiti cha boti huanza kuharibika ndani: maji hupenya kwenye mshono, hukosa pa kutokea, sponji huyashika, ubao huvimba na pini hushika kutu, na kava mara nyingi ndiyo ya mwisho kuonyesha dalili. Ukivisha kava mpya juu ya sponji yenye chumvi na ubao usio na tundu, utakuwa umelipia kuuficha uozo, na msimu mmoja ukipita harufu itakuwa palepale.

Tuanze na kava, kwa kuwa ndiyo inayokula pesa nyingi ikibidi ibadilishwe. Ikunje kwa kidole gumba mahali palipopigwa na jua zaidi, kisha uikunje mahali palipokuwa pamefichwa chini ya ubao ambapo jua halikufika, ulinganishe. Reksini ni plastiki ya PVC, ileile inayotengenezewa mabomba ya maji, isipokuwa hii imetiwa vilainishi ili ikunjike. Joto na jua huvitoa vilainishi hivyo kidogo kidogo, na Mombasa, iliyo kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, jua lake ni kali mwaka mzima. Wanaoharakisha uharibifu huo ni jiki, spiriti, petroli, na vitu viwili ambavyo wenye boti za wageni huvisahau: mafuta ya kujikinga na jua na dawa ya kufukuzia mbu, ambavyo mgeni amejipaka mapajani na mgongoni kabla ya kuketi. Ikiwa sehemu iliyopigwa na jua bado inakunjika kwa ulaini unaokaribia wa ile iliyofichwa, kava iko hai. Ikiwa imekakamaa na inatoa mistari myembamba kama nywele kila unapoikunja, imekufa; hakuna mafuta wala polishi itakayoifufua, na rangi ya kupaka itabambuka baada ya abiria wachache.

Umeandika kwamba iliyofumuka ni mishono. Hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani, kwa sababu mara nyingi kinachokufa kwanza ni uzi, na reksini yenyewe ikawa bado ina miaka mbele yake. Vuta uzi uliobaki kwa vidole. Ukikatika bila kukupinga, kazi yako kwenye kava hiyo ni kushona upya tu, na gharama yake ni uzi na sindano mbili. Ushone kwa mkono, ukipitia matundu yaleyale ya zamani, kwa namna ya mafundi viatu: uzi mmoja, sindano kila ncha, na zote mbili zipite tundu moja kutoka pande mbili zinazoelekeana, kisha ukaze. Usikubali mshono huo urudiwe kwa mashine, maana mashine haitayalenga matundu ya zamani. Itatoboa mapya kando yake, na ukingo wa reksini utakuwa kama ukingo wa stempu, tayari kuchanika.

Uzi wenyewe ndio mahali ambapo sikushauri ubane hata shilingi. Uwe wa poliesta. Uzi wa pamba huoza kwa unyevu, na nailoni, ingawa ni imara sana ikiwa mpya, huishiwa nguvu juani mapema kuliko poliesta. Kwenye kigurudumu cha uzi tafuta namba ya Tex, ambayo ni kipimo cha unene wa uzi: Tex 90 au Tex 135 kwa mkono na kwa mashine nzito ya fundi, Tex 70 kwa cherehani ya nyumbani. Uzi wa kupindia leso unaouzwa Mtaa wa Biashara ni mzuri kwa leso, lakini si wa kazi hii hata ukiukunja mara mbili. Kigurudumu kimoja kikubwa kitatosha viti vyote vinne na kubaki, kwa hiyo tofauti ya bei kati ya uzi bora na uzi dhaifu, ukiigawa kwa viti, haionekani.

Palipochanika katikati, mbali na mshono, na mchaniko usipozidi urefu wa kidole, tia kiraka kwa ndani. Kata kipande cha reksini kilichozidi mchaniko kwa sentimita 3 kila upande, ukipenyeze chini, na ukigandishe kwa gundi ya plastiki ya PVC ya aina inayotumika kwenye boti za kupulizwa. Gundi ya fundi viatu hushika siku ya kwanza, kisha vilainishi vya reksini huilainisha na kiraka huteleza; ile gundi inayokauka mara moja hukauka ngumu na kuvunjika mtu anapoketi.

Sasa sponji, ambayo ndiyo chanzo cha harufu na maji yanayochuruzika. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sponji iliyonywa maji ya bahari haikauki kikamilifu hata ukiianika wiki nzima, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75, na hewa ya Mombasa huupita unyevu huo usiku na alfajiri kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mchana kiti hukauka kidogo, usiku hulowa tena pasipo tone la mvua, na kuvu hupata makao. Kwa hiyo kabla ya kuianika, sponji lazima ioshwe chumvi yote itoke. Ilaze kwenye karai kubwa au beseni la kufulia, mimina maji baridi, uikanyage kwa miguu iliyooshwa, umwage, na urudie kwa maji mapya mara tatu au nne mpaka maji yatoke safi. Maji ya kisima chako, ikiwa yana chumvichumvi kama vilivyo visima vingi vya hapa, hayafai. Maji ya mvua uliyoyakinga kutoka kwenye paa yanafaa kabisa na hayana bili. Maji ya mwisho yatie kikombe cha siki nyeupe kwa ndoo, uiache nusu saa, kisha uikamue bila kuisokota. Isimamishe kwa ubavu kivulini panapopita upepo. Usiianike juani, kwani jua huigeuza sponji kuwa ya manjano na kuifanya ipukutike.

Ikishakauka, ifikiche pembeni. Ikitoa unga, itupe. Isipotoa unga, ibonyeze kwa ngumi uone kama inarudi. Iliyobonyea mahali pa makalio lakini ingali nzima inaweza kugeuzwa upande wa chini uwe juu, au kuongezewa bapa la sentimita 2 juu yake, na hapo umeokoa gharama ya sponji nzima. Ikibidi ununue mpya, usiulize tu kama ni ngumu. Muulize muuzaji uzito wake kwa mita ya ujazo. Kwa kiti cha abiria taka kilo 30 au zaidi. Sponji ya godoro la bei rahisi, iliyo chini ya kilo 20, hukaa vizuri dukani na kulala chali baada ya miezi michache. Ipo pia sponji isiyonywa maji kabisa, ambayo vitundu vyake vimejifunga. Ni ghali na ngumu kukalia, nami ningeiweka kwenye kiti cha nahodha pekee, anayesimama zaidi kuliko anavyoketi.

Ukiona madoa ya rangi ya waridi kwenye reksini nyeupe, usijichoshe kuyasugua. Ni rangi inayotolewa na vijidudu vilivyo ndani ya sponji yenye unyevu, nayo hupenya reksini kutoka chini, kwa hiyo sabuni ya juu haiifikii. Kava yenye madoa hayo bado inafanya kazi. Kuibadilisha ni suala la sura mbele ya wageni, na uamuzi huo ni wako.

Ubao wa kitako uupige kwa mpini wa bisibisi. Ukilia kavu, uko sawa. Ukilia zito na bisibisi ikazama pembeni, ubadilishe. Si lazima uwe plaiwudi ya boti ya daraja la juu. Plaiwudi ya nje yenye gundi isiyoyeyuka inatosha kiti, mradi kingo zake zizibwe, kwa kuwa plaiwudi hunywa maji kwa kingo kuliko kwa uso. Kabla ya kununua bapa zima, omba kipande kidogo, ukichemshe kwenye sufuria kwa saa moja: cha gundi ya ndani ya nyumba kitaachana tabaka, cha nje kitabaki kimeshikana. Chipbodi usiipe nafasi hata ukipewa bure. Paka kingo mikono mitatu ya epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) au vanishi ya boti, pamoja na ndani ya kila tundu utakalotoboa.

Nami nasisitiza matundu hayo, kwa sababu ndiyo marekebisho yenye faida kubwa kuliko yote na hayagharimu kitu. Chukua kekee, toboa ubao matundu ya milimita 12 hadi 15, yakiachana kwa sentimita 20 hivi, katika safu mbili. Juu yake, kati ya ubao na sponji, tandika kipande cha neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, ili sponji isizibe matundu na hewa ipite. Maji yatakayoingia, na yataingia tu, yatapata njia ya kushuka. Tahadhari moja: toboa ubao ukiwa mkononi mwako, umeutoa botini. Katika boti nyingi za faiba, chini ya viti pamefungwa chumba cha hewa au povu linaloiwezesha boti kuelea ikijaa maji, na chumba hicho hakitobolewi kwa sababu yoyote ile.

Baadhi ya mafundi watakushauri uifunge sponji yote ndani ya mfuko wa nailoni. Mimi siafiki. Maji hupata njia ya kuingia mfukoni kupitia pini na mikunjo, halafu hayana pa kutokea, na umejitengenezea tena tatizo lilelile. Nailoni iwekwe juu na ubavuni tu, chini paachwe wazi. Itasaidia pia kava iteleze unapoivuta.

Ikiwa kava zimekufa, ndipo tuzungumze reksini mpya. Reksini ya sofa itakuwa na sura nzuri kwa muda mfupi, kwani haikutiwa dawa ya kukinga jua wala ya kuzuia kuvu. Ile ya boti ndiyo bora. Bei yake ikikushinda, reksini nzito ya viti vya nje au vya magari inaweza kukubalika kwa sharti moja, nalo liko mgongoni mwake. Igeuze, chomoa nyuzi chache za kitambaa cha nyuma, uziwashe kwa kiberiti nje ya duka. Zikiungua na kuacha majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua, ni pamba, nayo itaoza, iache. Zikiyeyuka na kuwa kijishanga cheusi kigumu, ni poliesta, na unaweza kuinunua. Rangi iwe ya kupauka, kijivu hafifu au maziwa. Nyeusi na buluu ya giza humuunguza mgeni saa sita mchana.

Katika kukata ndipo watu hupoteza mita. Robota la reksini kwa kawaida lina upana wa sentimita 137. Fundi akikata kipande kimoja cha kuvuta pande zote, kila kiti chako kitahitaji sentimita 150 kwa 75, yaani urefu wa kiti, vimo viwili vya sponji na sentimita 5 za kukunjia chini kila upande. Sentimita 150 haziingii kwenye upana wa robota, kwa hiyo atakata kwa urefu, na viti vinne vitakula mita 6 huku karibu nusu ya upana ikibaki mabaki. Mwambie akate hivi: kipande kimoja cha sentimita 123 kwa 75, kinachoanzia chini kwa mbele, kupanda, kupita juu na kushuka nyuma, kisha vipande viwili vidogo vya sentimita 48 kwa 17 vya kufunga ncha mbili za kiti. Sentimita 123 zinaenea katika upana wa robota; viti vinne vinachukua mita 3, na vile vidogo vinane vinachukua karibu sentimita 70. Nunua mita 4. Isitoshe, ukingo wa mbele, ambapo miguu husugua na maji hutiririka, hautakuwa na mshono hata mmoja. Mishono itakuwa kwenye ncha fupi peke yake.

Mke wako aweza kuishona kazi hii, kwa kuwa mishono hiyo ni ya tabaka mbili tu. Atumie sindano namba 16, ambayo pia huandikwa 100, uzi wa Tex 70, na hatua ndefu ya milimita 4. Hatua fupi hutoboa reksini mpaka ikachanika kwenye mstari. Vipande avishike kwa vibanio vya nguo badala ya pini za kushonea, kwani tundu la pini kwenye reksini halijifungi. Mguu wa cherehani ukigoma kuteleza, anyunyize poda ya mtoto kidogo juu ya reksini. Asijaribu kushona pembe zenye tabaka nne. Hapo atavunja sindano au kuiharibu mashine, na mishono michache ya pembeni aimalizie kwa mkono.

Kuvalisha ni kazi ya watu wawili. Iache kava juani kwa robo saa ilainike, uivalishe juu ya sponji, ugeuze kiti, mwenzako akandamize kwa uzito wake. Piga pini ya kwanza katikati ya ukingo wa mbele, ya pili katikati ya nyuma, kisha uende ukielekea pembeni ukipokezana mbele na nyuma, pini zikiachana kwa sentimita 2 au 3. Pembe ziwe za mwisho. Kwa ubao wa milimita 12, miguu ya pini iwe milimita 8 au 10.

Pini hizo ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kwa maji ya chumvi ni daraja la 316. Pini za kawaida zilizopakwa zinki hazitamaliza misimu miwili, na kava iliyoshonwa vizuri itaachia kwa sababu ya kitu cha bei ndogo kabisa katika kazi nzima. Bunduki ya pini usiinunue kwa viti vinne. Azima au kodi kwa fundi sofa yeyote, ukitangulia kuuliza inakubali pini za ukubwa gani.

Kuhusu wakati, fumua viti wakati wa masika, Aprili na Mei, boti inapokuwa imepumzika na maji ya kuoshea sponji yanashuka yenyewe, lakini usivifunge mpaka mvua zipungue na ubao ukauke. Baadaye, kila jioni baada ya kazi, vipanguse kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, uvisimamishe kwa ubavu usiku kucha. Turubai la kufunikia lisibanwe mpaka chini. Liachie nafasi ya upepo.

Ukishakagua vyote vinne, rudi kwa fundi wako wa matatu na umwombe akutenganishie bei: kava peke yake, sponji peke yake, ubao peke yake, na kuvalisha peke yake. Pengine utamlipa ya kuvalisha tu, mengine yakafanyika nyumbani. Uzi na pini umpelekee wewe mwenyewe, nawe ubebe sumaku ndogo siku ya kuchukua viti: pini iliyopakwa zinki huirukia sumaku mara moja, ya 316 huvutwa kidogo sana au haivutwi kabisa.